Sanduku Nililokataa Kulikomboa

Ipole, Jumapili alasiri

Mwanangu Nyamizi,

Barua zote ninazozijua huanza kwa kusema sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu huko. Mimi sianzi hivyo. Wewe hujambo, nimekuona asubuhi ukicheka na watu nje ya kanisa. Mwenye jambo ni mimi, na jambo lenyewe linanuka. Kwa hiyo kaa kitako uisome barua hii leo hii, kabla ya lori la kesho asubuhi. Usiifunge kwenye pindo la kanga ukaenda kuisomea kwenye garimoshi, maana huko utakuwa umeshachelewa.

Umekwenda hospitali kuwaaga wenzako wa wodi ya wazazi, na mwanao Leya umemchukua, nami nimejifungia chumbani na kalamu yako. Nje shangazi yako Milika anamenya viazi vya karamu ya kukuaga, na sauti yake naisikia mpaka humu ndani. Anawaambia wenzake, "Mtu mzima ana miaka thelathini na mitatu, ana binti wa miaka kumi, anakwenda chuoni kuvaa sare na kupigiwa kengele! Mimi ningeona haya." Halafu anacheka, na wao wanacheka, na kesho hao hao watakuangukia shingoni kwa kilio na kukuagiza vitenge. Nasikia kinyaa. Lakini sikutoka kumnyamazisha, maana kicheko kile nakijua vizuri. Nimewahi kukicheka mwenyewe, tena kwa ubaya zaidi.

Mambo ya blanketi, sabuni na kutokula chakula cha usiowajua njiani utaambiwa na kila atakayekuja kula viazi. Mimi niache niseme langu.

Ningeweza kukuambia kwa mdomo. Nimejaribu mara mbili wiki hii. Juzi tulipokuwa tunachambua mchele nilianza, nikasema, "Nyamizi, siku zile za matanga ya baba yako," nawe ukaniwekea mkono begani ukasema, "Mama, hayo yamepita. Hukuwa na uwezo." Nikaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Nikakuacha unifariji kwa uongo niliokulisha mwenyewe, na miaka kumi na tisa nimekuwa nikifarijiwa hivyo. Mdomo wangu ni mwoga. Kwenye karatasi angalau huwezi kunikatiza.

Wewe unakumbuka hivi. Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka kumi na minne, upo darasa la sita, bweni la misheni, na walikuleta nyumbani kuzika. Watani zetu Wazaramo walikuja kutoka Tabora mjini, wale ambao waume zao walikuwa wanafanya kazi reli. Unajua utani wetu nao ulianzia njiani, enzi wazee wetu walipobeba mizigo ya watu hadi pwani na kupita kwao, na mpaka leo msiba wetu hauwi msiba bila wao. Wanachota maji, wanapika, wanamwigiza marehemu, wanatutukana huku tunalia. Na wananyakua vitu. Mtani akishika jembe lako ni lake mpaka umkomboe, na kukomboa kwenyewe ni kutoa kuku tu. Watu wanacheka, jembe linarudi, kila mtu anakula.

Bi Mwajuma akanyakua sanduku lako la shule. Lile la bati, lenye magauni yako mawili na madaftari. Alilifungua mbele ya watu, akavaa gauni lako juu ya kanga yake likamkaba mabegani, akashika ufagio akawa mwalimu. Akawaita waombolezaji mmoja mmoja. "Wewe mzee! Simama! Mbili na mbili ngapi? Hujui? Ndiyo maana umefiwa!" Tulicheka, hata mimi mjane nilicheka mpaka nikashika mbavu. Wewe hukucheka. Ulikuja karibu na mkeka wangu ukaninong'oneza, "Mayu, mama yangu, toa kuku basi wanirudishie. Lori la misheni linaondoka Jumatatu."

Nikakujibu kuku hakuna, wote wamechinjwa kwa ajili ya wageni.

Uliamini. Ukubwani umewasimulia watu kwamba ulikosa shule kwa sababu mama yako alikuwa mjane asiye na hata kuku mmoja, na kwamba watani walizidisha mchezo. Unasimulia kwa huruma, unanitetea. Mwalimu Eseri aliposikia hadithi hiyo, mwaka ule alipoanza kukufundisha jioni, alilengwa na machozi akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Nilimwacha anishike. Mpaka leo nikikumbuka natamani kujitapika.

Kuku walikuwepo, mwanangu. Jogoo na mitetea watatu, nilikuwa nimewahamishia kwa jirani kabla wageni hawajafika. Na hilo ni dogo. Siku ya tatu baada ya kuzika, wewe ukiwa kisimani, Bi Mwajuma alirudi na sanduku lako kichwani. Alilitua mlangoni, magauni yamekunjwa ndani vizuri, moja amelifua. Akasema, "Mtani, mchezo umekwisha. Sitaki kuku, sitaki kitu. Mtoto asikose shule kwa ajili ya ufagio wangu."

Nikamwambia, "Utani ni utani. Kilichonyakuliwa msibani hakirudi bure, utatuletea nuksi. Nenda nalo."

Yule mwanamke alikuwa na mdomo mkali kuliko wote, lakini siku hiyo alisema kwa sauti ndogo, "Shoga, mbona kama hutaki mtoto arudi?"

"Nenda nalo," nikasema.

Akajitwika akaenda. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena msiba wetu hata mmoja, na watu wa huku wakasema Wazaramo wana kiburi. Mimi nikaitikia, ndiyo, wana kiburi sana. Ulipotoka kisimani uliniuliza kama watani wamekwisha kuondoka, nikasema wameondoka.

Sasa utataka kujua kwa nini. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba niliogopa kubaki peke yangu na shamba. Ni uongo wa heshima, unaweza kuusema hata mbele ya mchungaji. Ukweli hauna heshima. Nilikuonea wivu.

Kumbuka baba yako alivyokuwa kwenye mashamba ya mkonge kule pwani, na barua zake zilivyokuwa zikija wakati wa likizo yako. Wewe ndiye uliyezisoma. Mimi nilikaa mbele ya mtoto wangu mikono mapajani, nikingoja nigawiwe maneno ya mume wangu. Siku moja ulisoma barua ukaanza kucheka peke yako, ukacheka mpaka machozi. Nikakuuliza kuna nini. Ukafuta macho ukasema, "Ah, mama, ni mambo ya barua tu," ukaikunja. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, hukuwa na nia mbaya yoyote. Lakini mimi nilikwenda jikoni nikakaa na lile neno. Nikaamini mnanicheka, wewe na baba yako, mnacheka mwanamke asiyejua a wala be. Niliamini hivyo mwaka mzima. Kwa hiyo Bi Mwajuma alipovaa gauni lako na kuigiza shule yako, furaha niliyoipata siku ile, siku ya kumzika mume wangu, ilikuwa furaha chafu kabisa. Nilijisemea moyoni, haya, leo na wewe umechekwa.

Barua ile ninayo. Uliponifundisha kusoma, ukiandika herufi kwa mkaa juu ya ubao wa mlango huu huu, nilikuwa na hamu moja tu ambayo sikukuambia. Siku nilipoweza kuunganisha maneno nilifungua kifurushi cha barua za baba yako, nikaitafuta ile, nikaisoma kwa kidole, neno kwa neno, kuanzia asubuhi mpaka jua la saa sita. Unajua ulichokicheka? Mpishi wa kambini alitia sabuni ya unga kwenye uji akidhani ni chumvi, na msimamizi akaunywa wote akausifu. Basi. Mimi nimetajwa mwishoni: mwambie mama yako nimemkumbuka, nikija nitamletea viatu. Nilikunyang'anya shule kwa ajili ya mpishi na uji wake.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, lakini kuna kipande kimoja ambacho sisi wawili hatujawahi kukitaja. Hujafikisha miaka kumi na sita nikakuoza kwa Luhende kule Urambo, kwa kuwa ukoo wake ulikuwa na sifa na mimi nilikuwa sitaki kukutazama ukizunguka uani na uso ule. Mwaka wa nne wa ndoa hiyo nilikuja kukutembelea. Ulikuwa umemzika mtoto wa kwanza, na mkono wako wa kushoto ulikuwa umefungwa vijiti. Ulisema umeanguka na ndoo. Luhende alikuwa amekaa pale pale, akakohoa. Halafu mkachinja kuku kwa ajili ya mama mkwe. Wewe ulimnyonyoa kwa mkono mmoja, ukamshikilia kwa goti. Mimi nikaletewa paja na nikalila. Lilikuwa limepikwa vizuri, na nikasema hivyo, nikanawa mikono nikakuambia, "Vumilia, mwanangu, ndoa zote ziko hivyo." Nimelala kwa watu wengi na kula vya wengi, lakini paja lile bado liko hapa kooni. Sijui nilipata wapi ulimi wa kulisifia.

Hata uliporudi, baada ya Luhende kupata kazi kwenye mashamba ya karanga na kuleta mwanamke mwingine ndani, ukiwa na Leya mgongoni na miguu imevimba kwa kutembea, neno langu la kwanza halikuwa karibu. Niliuliza, "Watu wamekuona ukipita?" Ukasema wamekuona. Nikaona haya kwa ajili ya majirani, wakati mtoto wangu amesimama mbele yangu amekonda hata mifupa ya shingo inahesabika.

Na wewe baada ya hayo yote uliinuka. Nilikuona ukifagia wodi, ukifua mashuka ya damu ya watu, ukirudi jioni na daftari kwa Mwalimu Eseri ukiwa na usingizi machoni. Nilikuona ukilala juu ya kitabu, mdomo wazi. Wanawake wa hapa walikuwa wakija kuniambia, mwanao anajisumbua, ukunga wa cheti ni wa wasichana wadogo, na mimi nilikuwa nikitikisa kichwa kwa masikitiko, kana kwamba naungana nao kwa kukuhurumia. Siku barua ya chuo ilipofika ukanikumbatia ukasema, "Mama, wamenikubali," nilipiga vigelegele. Vile vigelegele vilikuwa vya kweli. Nataka ujue hivyo, kwa sababu katika barua hii kuna mambo machache ya kweli yaliyo mazuri.

Utakaa darasa moja na wasichana ambao ungeweza kuwazaa. Baadhi watakuita mama, na hapo uangalie, maana ukishakuwa mama yao utaanza kuwafulia. Kuna wengine watakucheka ukikosea hesabu za dawa. Waache wacheke, wengi hawana ubaya, ni utoto. Mtu wa kumwogopa ni yule anayekuhurumia kwa sauti tamu na kukuambia pumzika, umechoka, umri umekwenda. Huyo mchunguze. Nimekuwa mtu huyo, najua anachokitafuta.

Na usiwe mwepesi wa kusamehe. Wewe tangu utotoni unasamehe kabla mtu hajamaliza kosa lake, na huruma yako imewalea watu wengi wabaya, mimi wa kwanza. Unisamehe ukitaka, lakini si leo. Leo nakuhitaji uwe na hasira, kwa sababu kuna jambo moja bado halijapita, nalo ndilo lililonifanya niichukue kalamu.

Juzi uliniuliza, "Mama, miaka yote hii miwili, utamwangalia Leya asikose shule?" Nikakujibu, "Niachie mimi." Nilijibu upesi, kama mtu mwenye dhamiri safi.

Mwezi uliopita, zile siku ulizokuwa unaondoka alfajiri kwenda zamu, nilimzuia Leya asiende shule mara mbili. Tulikuwa tunachemsha masega, nikahitaji mtu wa kushika mdomo wa gunia nikikamua nta. Wewe ulimkuta jioni na vidole vimeungua kidogo ukauliza, akasema alisaidia baada ya shule. Maneno hayo nilimfundisha mimi. Kwa Mwalimu Eseri nilipeleka habari kwamba mtoto ana homa. Ungeweza kusema, sawa, ni bibi mzee, kazi zimemwelemea, na najua ndivyo ungesema. Ngoja.

Jumapili ya baada ya hapo walimsimamisha Leya kanisani asome somo. Alisoma vizuri mno, kwa sauti ile yako, bila kuweka kidole kwenye mstari. Watu wakageuka kunitazama na kutabasamu, na mimi nikatabasamu. Kesho yake asubuhi amevaa sare, amechana nywele, anatafuta kalamu yake, nikamwambia, "Leo hutakwenda. Kuna nta." Akavua gauni, akalikunja. Akaenda nyuma ya nyumba akarudi akasimama mbele yangu. "Bibi," akasema, "masega yalikwisha Ijumaa."

Yalikuwa yamekwisha kweli. Sufuria lilikuwa limeoshwa, limefunikwa. Hapakuwa na kazi yoyote katika nyumba hii siku ile. Nikamgombeza kwa kunijibu, nikamkalisha kibarazani mpaka jioni achambue kunde ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa.

Sasa nina miaka mingi, najua kusoma, naimba kwaya, nimelia mbele za Mungu kwa ajili ya yale niliyokutendea, na bado mkono ule ule umenyooka tena kwa mtoto mwingine. Haukuniomba ruhusa. Nilimtazama Leya akichambua kunde safi nikajiona nilivyo, na siku hiyo sikula. Sina dawa yake. Ningekuwa nayo ningekuahidi. Nikikuahidi leo kwamba sitarudia, nitakuwa nakudanganya kwa nia njema, na nia njema yangu imeshakugharimu vya kutosha.

Kwa hiyo Leya asibaki kwangu. Leo baada ya ibada nilimfuata Mwalimu Eseri nyumbani kwake, nikamweleza kila kitu, la sanduku na la nta. Alinisikiliza amesimama. Mwishoni akasema, "Kitanda kipo, na nitamlea kama wangu. Lakini maneno haya ayasikie Nyamizi kwanza, na Nyamizi ndiye aje amlete." Ndiyo sababu nakuandikia leo badala ya mwakani. Usije ukaahirisha safari kwa ajili ya hasira, wala kwa ajili yangu. Chuo hakitakungoja, na wapo watu hapa uani wanaomba kimoyomoyo upate sababu ya kubaki.

Kesho alfajiri mpeleke kwa Mwalimu kwa mkono wako, na nguo zake zote, usiache hata moja ya kuja kufuata. Mimi nitalia. Nitalia sana, najijua, na shangazi yako Milika atasema jamani bibi mwonee huruma, atabaki na nani mzee wa watu. Wewe usisimame, endelea kutembea. Mbuzi nitawachunga, shamba nitalima ninapoweza, na palipobaki patamea majani.

Jumapili atakuwa anakuja kunisalimia baada ya kanisa, akae mpaka mchana, halafu arudi. Nitamwomba alale. Nitamwambia nasikia baridi, nitamwambia mgongo unauma, nitamwekea asali na maziwa. Mwambie leo, kabla hajasinzia, kwamba bibi atamwomba alale, na kwamba jibu ni hapana, na kwamba akilisema hatakuwa amenikosea adabu.

Ni mimi mama yako, niliyekuzaa.